Mstari Usiokuwamo

Manasseh Nyamweya alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mzee wa kanisa la Waadventista, kwenye kilima kimoja kati ya Keroka na Nyamira. Darasani hakuwa na jina kubwa. Alifundisha hesabu na jiografia kama wenzake walivyofundisha, alichapa kama walivyochapa, na watoto walimsahau walipoondoka. Kanisani ilikuwa habari nyingine. Watu walitoka vilima vya mbali siku ya Sabato, yaani Jumamosi, wakavuka mito na viatu mkononi, ili kumsikia akifasiri zaburi.

Zaburi zilisomwa pale kwa Kiswahili, na waumini wengi, hasa akina mama na wazee, Kiswahili walichokijua kilikuwa cha sokoni: bei, salamu na matusi mawili matatu. Basi mtu mmoja alisoma, na Manasseh alisimama ubavuni mwake akiyageuza maneno kuwa Kigusii papo hapo. Hakugeuza neno kwa neno. Zaburi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile ya radi, ambamo sauti ya Mungu inapita juu ya maji, inaivunja mierezi ya Lebanoni na kuirusha milima kama ndama. Pale kilimani nani aliwahi kuuona mwerezi? Manasseh alisema mikaratusi. Lebanoni aliiita Manga, kwa kuwa mwamba wa Manga watu waliuona kila walipotoka nje asubuhi. Jangwa linalotikiswa akalifanya mbuga za Wamaasai kule chini. Paa wanaoshikwa na uchungu kwa hofu akawafanya ng'ombe, mmoja mwekundu na mmoja wa madoa, wanaozaa kabla ya siku zao. Watoto waliosikia hivyo walikwenda nyumbani wakamwangalia ng'ombe wao vizuri.

Radi yenyewe haikuhitaji kufasiriwa. Mvua ya nchi ile huja alasiri na haiji kimya. Kila ukoo ulikuwa na habari ya mtu aliyepigwa shambani, au ya ng'ombe waliokutwa wamelala chini ya mti mmoja, wote wakiwa wafu. Manasseh aliposema kwamba Mfalme ameketi juu ya gharika, watu waliinua macho kuyatazama mabati ya kanisa.

Katika zaburi hiyo, karibu na mwisho, kabla ya maneno ya amani, Manasseh alikuwa na mstari wake. Hakuutunga siku moja. Ulianza kama maelezo, jinsi mfasiri yeyote anavyoeleza: sauti inayovunja miti haishindwi na nyumba ya mtu. Mwaka uliofuata maelezo yakafupika. Baadaye yakapata mwendo, yakaambatana na maneno yaliyotangulia, na waumini wakawa wanayarudia njiani wakirudi makwao: *Sauti yake yaishukia nyumba ya mvunja Sabato, na nguzo ya kati haisimami.* Kwa Kigusii ulikuwa mstari mzuri. Hata Manasseh mwenyewe, akiusema, hakukumbuka tena kwamba msomaji aliyesimama pembeni yake hakuwa amesoma kitu kama hicho.

Jirani yake aliitwa Ombati. Mashamba yao yalitenganishwa na kijito, na wake zao, Loice wa Manasseh na Drusilla wa Ombati, walikuwa marafiki tangu usichana wao huko Marani. Ombati alipanda chai mapema kuliko wengi, na chai ilimwendea vizuri mpaka mwaka 1971, lori la kukusanya majani lilipobadilisha siku zake za kuja. Moja ya siku hizo ikawa Jumamosi. Majani yaliyochumwa Ijumaa yakilala kikapuni hupata joto, yakawa mekundu, na karani wa kituo huyamwaga chini. Waadventista wengi waliamua kuikosa Jumamosi na kungoja siku nyingine ya wiki, japo majani yalikomaa na kupotea. Ombati aliamua kuchuma.

Wazee walimtembelea. Aliwakaribisha, akawasikiliza hadi mwisho, akasema kwamba yeye hakuichagua Jumamosi, dereva wa lori ndiye aliyeichagua. Manasseh naye alikwenda peke yake, akapewa jibu lile lile. Drusilla hakushika hata jani moja siku ya Sabato. Alifunga kitambaa chake cheupe, akachukua Biblia yake, akaja kanisani na binti yake Nyanchama, na kukaa benchi la tatu upande wa wanawake, mahali pake pa siku zote.

Sabato moja ya mwezi wa tatu, zaburi ya radi ilisomwa. Manasseh alifasiri maji, akafasiri miti na milima. Alipofika kwenye mstari wake alinyamaza, akatazama nje kupitia dirishani. Kanisa lile lilitazama bonde, na ng'ambo ya kijito alionekana mtu mmoja ameinama katikati ya chai, kikapu mgongoni. Manasseh alimtazama kwa muda. Kisha akausema mstari polepole kuliko kawaida, neno moja baada ya jingine. Jina hakulitaja. Kanisa zima liligeuza shingo kutazama dirishani, isipokuwa Drusilla, aliyekuwa akitazama kitabu kilichokuwa wazi mapajani mwake.

Mvua za masika zilikuja kwa nguvu mwaka ule. Siku moja mwezi wa nne, katikati ya wiki, Ombati alikuwa amekwenda Keroka. Loice alikuwa kwa Drusilla, wawili hao wameketi katika kibanda cha jikoni wakichambua maharagwe. Wingu lilipanda kutoka upande wa ziwa kama lilivyozoea. Radi ya kwanza ilipolia mbali, Drusilla aliweka ungo chini, akasema anakwenda nyumba kubwa kufunika sufuria, kwa sababu kitu king'aacho huvuta radi. Loice alimwambia akae, mvua imekaribia. Drusilla alisema hatakawia.

Nyumba kubwa ya Ombati ilikuwa ya mviringo, ya nyasi, yenye nguzo moja katikati. Loice aliona mwanga, na sauti haikungoja kufuata nyuma yake, vilikuja pamoja. Alipopata fahamu na kusimama, paa lilikuwa linafuka moshi katika mvua. Alikimbia ndani. Drusilla alikuwa amelala karibu na nguzo, kitambaa kikiwa mkononi, na sufuria moja ilikuwa imeshafunikwa. Nguzo ya kati ilikuwa imepasuka kuanzia juu hadi chini.

Habari ya nguzo ilitangulia habari ya kifo. Kabla Ombati hajafika kutoka Keroka, watu walikuwa wamejaa uani, na wengi waliingia ndani kwa zamu, wakaitazama ile nguzo, wakatoka. Walikumbuka mstari. Hakuna aliyehitaji kuusema.

Mazishi yalikuwa madogo. Wapo waliosema kwamba wazee wa kale hawakumlilia sana mtu aliyepigwa na radi, na wengine wakabisha. Jambo moja halikuwa na ubishi: waumini hawakujua wamwambie nini Ombati, basi wengi hawakumwambia kitu. Manasseh alifanya sala fupi, na zaburi hakufasiri. Baada ya kaburi kufunikwa, mzee mkuu wa kanisa, Onsongo, alimshika mkono, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba sasa hata watoto wameelewa.

Miezi iliyofuata ndiyo miezi ambayo jina la Manasseh lilikuwa kubwa kuliko wakati wowote. Aliitwa kuhubiri Marani, akaenda. Aliitwa Kiogoro pia. Makanisa yaliyokuwa yakijaa nusu yalijaa hadi mlangoni, na watu walimwita mwalimu aliyeita radi, ijapokuwa si mbele yake. Huko Marani, alipokuwa akifasiri, wingu lilipita juu ya kanisa na kuunguruma kidogo, na watu wote wakapiga magoti kwa pamoja kama mtama ulioinamishwa na upepo. Wavunja Sabato wawili walisimama wakatubu. Manasseh alifurahi. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye mshahara mdogo na suti moja, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alipoinua mkono watu elfu walinyamaza.

Nyumbani Loice alimpikia, akamfulia shati la Sabato, akampigia pasi. Lakini alihama benchi lake kanisani, akawa anakaa karibu na mlango, na mara mbili alitoka kabla zaburi haijaisha. Manasseh alimuuliza kama anaumwa. Alijibu kwamba ndani mna joto.

Mwezi wa sita, Jumapili asubuhi, Ombati alivuka kijito akaja kwa Manasseh. Hawakuwa wameongea tangu mazishi. Alikuwa amebeba kitu kilichofungwa kwa leso. Loice alimpa kiti na uji wa wimbi, akabaki amesimama mlangoni. Ombati aliufungua ule mfuko wa leso, akatoa Biblia ya Kiswahili ya marehemu mkewe, akaiweka mezani mbele ya Manasseh.

"Mwalimu," alisema, "nionyeshe ule mstari."

Manasseh alimuuliza ni upi, ingawa alijua.

"Wa nguzo. Mimi Kiswahili nasoma kwa kidole, lakini nitausoma. Nataka kuuona kwa macho yangu, kisha nitajua la kufanya. Kama umeandikwa, nitaacha hiyo chai ya Jumamosi, na nitajua kwamba mke wangu nilimuua mimi."

Manasseh aliifungua zaburi ile. Karatasi ya ukurasa huo ilikuwa imechakaa kuliko nyingine, na chini ya mistari kulikuwa na alama za penseli, hafifu, kama za mtu aliyekuwa akifuata neno kwa neno. Alisoma toka mwanzo. Maji, mierezi, milima, moto, jangwa, paa, msitu uliovuliwa majani. Hekalu, na waliomo wakisema utukufu. Mfalme na gharika yake. Amani. Akarudi juu, akasoma tena, kidole chake kikishuka taratibu. Ombati alingoja.

"Ni maelezo," alisema mwishowe. "Mhubiri hueleza. Maana yake imo, ila maneno hayamo hivyo."

Ombati alitikisa kichwa, si kwa kukataa, ila kama mtu anayepanga vitu vyake. Alieleza kwamba Drusilla aliutafuta mstari huo baada ya ile Sabato ya dirishani. Aliutafuta jioni nyingi, akapita hata zaburi nyingine. Alimwambia mumewe kwamba hauoni, na kwamba bila shaka Kiswahili chake ni kidogo, au kitabu chake ni cha chapa ya zamani, kwa sababu mwalimu hawezi kusema kitu kisichokuwamo.

Aliifunga Biblia katika leso, akamshukuru Loice kwa uji, akaenda zake. Hakupandisha sauti tangu alipoingia hadi alipotoka.

Hapo ndipo Loice aliposema. Alimwambia mumewe kwamba tangu Sabato ile Drusilla hakuwahi kukaa na radi tena. Zamani mvua ikinyesha walikuwa wakiendelea na kazi zao na kucheka. Baada ya ile siku, wingu likiwa bado liko ziwani, alianza kufunika sufuria, sahani, kioo, hata kijiko. Alikuwa akimuuliza Loice: mwalimu alipotazama nje, alimtaja mume wangu peke yake, au nyumba yote?

"Nilimwambia sijui," Loice alisema. "Nilikuwa mke wako, nikaona si vizuri kukujibia. Ningemwambia kwamba ni maneno yako tu, angekaa jikoni na mimi."



Pale shuleni alikuwako mwalimu Mkatoliki aliyeitwa Nyasani. Alikuwa amesoma seminari kwa miaka kadhaa, akaiacha kabla ya upadre kwa sababu ambazo hakuzieleza, na kutoka huko alirudi na Kiebrania kidogo ambacho hakikuwa na matumizi yoyote Nyamira. Yeye na Manasseh walikuwa wakibishana kuhusu Sabato na Jumapili kwa miaka, bila uadui, kama watu wanavyocheza bao. Wiki ile, wakati wa chakula cha mchana, Manasseh alimuuliza zaburi ya radi inasemaje kwa lugha yake ya kwanza.

Nyasani alikuwa anamenya kiazi kitamu. Alisema kwamba katika lugha hiyo sauti na radi huitwa kwa neno moja, hivyo mtu akilisoma shairi lile kwa sauti, neno lenyewe linarudi na kurudi kama ngurumo zinavyofuatana wingu likipita toka baharini kwenda jangwani. Aliyelitunga, kwa maoni yake, alikuwa amesimama mahali fulani akiitazama mvua kama ambavyo wao wanaitazama kutoka kilimani. Kisha akauliza:

"Sauti ile inapiga nini? Hesabu mwenyewe."

Manasseh alihesabu: maji, miti, milima, jangwa, msitu.

"Na watu wako wapi?"

"Hekaluni."

"Wanafanya nini?"

"Wanasema utukufu."

Nyasani aliuma kiazi chake. Manasseh hakutaka kushindwa upesi hivyo. Alimkumbusha kwamba ziko zaburi nyingine. Iko ile ambamo moshi unatoka puani mwa Mungu, naye anainamisha mbingu na kushuka, giza likiwa chini ya miguu yake, mawe ya mvua na makaa ya moto yakiwaangukia adui. Ziko zile ambamo milima inayeyuka kama nta mbele yake, na hukumu ndiyo msingi wa kiti chake. Je, hizo nazo hazina mtu anayepigwa?

Nyasani alikubali kwamba wamo. "Lakini hiyo ya moshi anaiimba mtu aliyekuwa anazama," alisema. "Maji yalikuwa yamemfika, akaita, na Mungu akashuka na vishindo vyote hivyo kuja kumvuta. Anasimulia namna alivyookolewa. Wewe ya kwako uliyasema ukiwa umesimama pakavu, ukitazama dirishani."

"Na Drusilla?" Manasseh aliuliza. "Yeye alikuwa anazama, na aliita. Najua aliita. Mbona hakuvutwa?"

Kengele ikapigwa. Nyasani alipoinuka alikung'uta maganda mapajani, akasema, "Hilo sina jibu lake, mwalimu. Wala huko seminari hawakuwa nalo."

Makambi ya mwezi wa nane, mikutano ya ibada ya kila mwaka, yalifanyika mwaka ule karibu na Kiogoro. Watu walikuja na magodoro, sufuria na watoto, wakajenga vibanda vya matawi chini ya mikaratusi. Manasseh alikuwa amepangiwa alasiri ya Sabato, saa iliyokuwa ikiwekewa mhubiri mkuu. Onsongo ndiye aliyempendekeza, naye alikaa jukwaani nyuma yake akiwa amevaa tai. Loice alikuwa chini, pembeni. Ombati hakuja.

Msomaji alikuwa kijana mwenye sauti safi. Alisoma kipande kimoja, akanyamaza, Manasseh akafasiri. Wasikilizaji walimfuata kama siku zote: walipumua pamoja kwenye miti, wakaguna kwenye ng'ombe mwekundu na wa madoa. Walipokaribia mwisho, walijisogeza mbele kidogo, jinsi watu wanavyojisogeza mwimbaji anapokaribia kiitikio wanachokijua. Msomaji alisoma juu ya Mfalme na gharika. Manasseh alifasiri juu ya Mfalme na gharika. Akanyamaza, akimngojea msomaji aendelee kwenye amani.

Mbele kabisa, juu ya mkeka, alikuwa ameketi bibi mmoja aliyeitwa Bathsheba, mjane wa huko Keroka ambaye hakukosa makambi. Alidhani mwalimu amesahau. Kwa wema kabisa, kama mtu anayemwokotea mwenzake kitu kilichoanguka, aliusema yeye: *Sauti yake yaishukia nyumba ya mvunja Sabato.* Na mkutano wote, maelfu ya watu chini ya miti, wakamalizia kwa sauti moja: *na nguzo ya kati haisimami.*

Walikuwa wakitabasamu. Manasseh aliwatazama hadi kelele ikaisha.

"Haumo," alisema.

Wengi walidhani hawakusikia vizuri. Alirudia.

"Mstari huo haumo katika kitabu. Niliutia mimi. Zaburi hii haina mvunja Sabato, wala haina nyumba. Ina miti na milima, na watu waliomo ndani yake wako hekaluni, hakuna aliyepigwa. Iko mistari mikali mahali pengine, nami sitawaficha, lakini hakuna unaowataja jirani zenu. Alikuwako mwanamke kwetu aliyeutafuta huu wa kwangu, akaukosa, akadhani hajui kusoma. Alijua kusoma kuliko mimi."

Akamgeukia msomaji, akamwomba arudie zaburi toka mwanzo. Kijana alimtazama Onsongo. Onsongo alikuwa ameinamia viatu vyake. Basi kijana, kwa kuwa alikuwa mbele ya watu na hakujua la kufanya, alisoma. Safari hii Manasseh alifasiri neno kwa neno. Mwerezi aliuacha uwe mwerezi, akasema ni mti ambao hajawahi kuuona. Lebanoni ikabaki Lebanoni, paa wakawa paa. Kwa masikio ya waliokuwapo ilikuwa zaburi kavu, kama chai isiyo na maziwa. Wengine walianza kuongea. Akina mama walikwenda kuwaangalia watoto. Alipofika kwenye amani alisema amani, akakusanya karatasi zake, akashuka.

Bathsheba alimngojea penye ngazi. Hakuwa na hasira.

"Mwanangu," alimwambia, "kwa nini umeuondoa? Huo ndio niliokariri. Ile mingine yote siijui."

Manasseh alimwambia kwamba atamfundisha mingine. Bibi alisema yeye sasa ni mzee, kichwa hakishiki.

Jioni hiyo wazee walikaa. Mhubiri mwingine alitafutwa kwa ajili ya mkutano wa mwisho, na inasemekana aliwapa watu radi ya kutosha. Manasseh hakufukuzwa. Onsongo alimweleza kwa upole kwamba amechoka, kwamba msiba wa jirani umemwingia, na kwamba ni vizuri apumzike kuhubiri kwa kipindi. Kipindi hicho hakikutangazwa mwisho wake. Mialiko ilikoma. Miaka mitano au sita baadaye, mtu aliyepita stendi ya Keroka siku ya soko angeweza kumsikia mhubiri wa barabarani akiusema mstari ule wa nguzo, akiapa kwamba ni neno la Mungu. Manasseh alimsikia mara moja. Alisimama kando ya lori la ndizi, akasikiliza mpaka mwisho, akaendelea kutafuta misumari aliyokuwa ametumwa kununua.

Ombati aliletewa habari ya makambi na binti yake Nyanchama, aliyekuwa amekwenda na shangazi zake. Alikuwa akipalilia. Alimwacha aeleze yote, akamuuliza kama mwalimu alimtaja mama yake kwa jina. Nyanchama alisema hapana, ila alisema alijua kusoma. Ombati alisema, "Ni kweli alijua," akaendelea kupalilia. Kanisani hakurudi, wala hakuzuia watoto kwenda. Chai ya Jumamosi aliendelea kuichuma mpaka lori lilipobadilisha siku tena.

Yeye na Manasseh hawakuwa marafiki. Walisalimiana kwenye kijito. Mwaka mmoja mvua ya mawe iliyapiga mashamba yote ya kilima kile, ya waliotunza Sabato na ya wasioitunza, majani yakabaki kama nyuzi, na wawili hao walikutana mpakani, wakaongea kwa muda mrefu kuhusu kupogoa: mapema au kungoja. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao marefu kuliko yote tangu siku ya uji.

Loice ndiye aliyekwenda na kurudi. Kila mavuno alipeleka kikapu cha maharagwe kwa watoto wa Drusilla, na Nyanchama alipoposwa, yeye ndiye aliyekaa upande wa mama. Kanisani alirudi benchi la kati. Manasseh sasa alikaa upande wa wanaume, nyuma, na zaburi ikisomwa aliisikiliza kwa Kiswahili, midomo yake ikiwa imefumbwa.

Mwaka 1976 Ombati alijenga nyumba mpya, ya pembe nne, ya mabati, chini kidogo ya mteremko. Nyumba ya namna hiyo haina nguzo ya kati. Siku ya kupandisha paa alihitaji watu, akamtuma mtoto kwa majirani wote, na Manasseh alikuja kama wengine, na shati la kazi. Alishika upande mmoja wa mabati, Ombati akashika wa pili, wakawa wanayapandisha moja moja kwa fundi aliyekuwa juu. Hawakusema zaidi ya "inua" na "shusha kidogo". Alasiri kazi iliisha. Mtu mmoja aliuliza kama mwalimu hatasema neno kwa ajili ya nyumba. Manasseh alimtazama Ombati.

"Mama Mogire aombe," Ombati alisema, akimwita Loice kwa jina la mtoto wake wa kwanza. "Lakini iwe fupi, watu wana njaa."

Loice aliomba, na ikawa fupi. Waliletewa ugali wa wimbi, kuku na mboga za chinsaga, wakala wakiwa wameketi juu ya mbao zilizobaki. Mvua ilianza kabla hawajamaliza. Walibeba sahani zao wakaingia ndani, chini ya mabati mapya, na kwa kuwa kelele ilikuwa kubwa mno hata mtu hakuweza kumsikia mwenzake, walikula kimya mpaka ikakatika.